Uzi: Tapas za mtaani Granada, kaunta moja ya Zaidín na hesabu ya mlo wa watu wawili

Mwanzisha uzi

Wakuu, salaam. Mara nyingi nimesikia wasafiri wenzetu wakilalamika kwamba tapas za Hispania ni chakula cha kumnyonya mgeni: visahani vidogo, bei kubwa, na tumbo linabaki tupu. Malalamiko hayo nayaelewa, kwa sababu yalinikuta hata mimi siku yangu ya kwanza Granada. Baadaye, hata hivyo, nilikaa katika mji huo wiki kadhaa na kula jioni nyingi katika mgahawa mmoja wa kawaida kabisa wa mtaa wa Zaidín, nikafikia kuamini kwamba tatizo haliko kwenye visahani bali kwenye namna tunavyoviagiza. Mtu anayeketi mezani na kuagiza tapas sita kwa mkupuo, kama anavyoagiza mlo mwingine wowote, ameupoteza unafuu wake kabla sahani ya kwanza haijafika.

Nianze na siku hiyo ya kwanza. Nilishuka basi jioni nikiwa na njaa, nikaingia katika mgahawa wa kwanza niliouona karibu na kanisa kuu, wenye ubao wa picha za vyakula zilizopauka kwa jua na mhudumu aliyesimama mlangoni akiwaita wapita njia. Niliagiza sahani tano. Zote zililetwa ndani ya dakika chache, jambo ambalo lilipaswa kunishtua, maana croqueta (kitonge cha kukaanga chenye mchuzi mzito wa maziwa ndani) inayokaangwa baada ya kuagizwa haifiki haraka kiasi hicho. Na kweli nilipoikata niliikuta ya moto kwa nje na ya baridi katikati. Mkate ambao sikuuomba uliingizwa kwenye hesabu. Nililipa euro 41 nikiwa peke yangu, na njiani kurudi nilinunua ndizi mbili ili nipate usingizi.

Mama mwenye nyumba niliyopanga aliposikia habari hiyo alisikitika kana kwamba ni yeye aliyenikosea. Aliniambia nivuke mto Genil niende Zaidín, nikale wanakokula watu wanaotoka kazini. Ni mwendo wa kama nusu saa kwa miguu kutoka katikati ya mji. Zaidín ni mtaa wa wafanyakazi, wenye maghorofa ya kawaida, maduka ya vifaa vya nyumbani, shule, na baa karibu katika kila kona.

Mgahawa niliouzoea hauna cha kupigia picha. Una kaunta ndefu ya chuma, viti virefu vichache, runinga inayotangaza habari bila mtu kuisikiliza, na kabati la kioo juu ya kaunta ambamo mna bakuli la viazi vilivyochanganywa na mayonezi na samaki wa tuna, sahani ya samaki wadogo jamii ya dagaa waliolowekwa kwenye siki na vitunguu saumu, na tortilla nene ya mayai na viazi iliyofunikwa. Unasimama, unasalimia, unaagiza kinywaji kimoja. Kisha jambo ambalo lilinishangaza wiki nzima hutokea: mhudumu hugeuka na kupaza sauti kuelekea jikoni, "una primera!", yaani moja ya kwanza, na baada ya muda kinakuja kisahani ambacho hukukiagiza wala hutakilipia peke yake. Ukiagiza kinywaji cha pili, atatangaza "una segunda!", na chakula kitakachokuja kitakuwa kingine. Ndivyo jiko linavyojua umefikia duru ya ngapi, nawe hupewi chakula kile kile mara mbili.

Jioni ninayoikumbuka zaidi tulikuwa wawili, mimi na rafiki niliyefahamiana naye pale pale. Duru ya kwanza ilikuja na samaki wadogo wa kukaanga, wakiwa wamepangwa vichwa upande mmoja, na kipande cha limau. Unga uliowafunika ulikuwa mwembamba kiasi kwamba rangi ya fedha ya ngozi ilionekana kwa chini, na tuliwala wazima, miiba kwa mkia. Duru ya pili ilikuwa wali wa rangi ya zafarani uliopakuliwa kutoka sufuria moja kubwa, ile ile iliyokuwa ikiwalisha watu wote waliosimama pale. Ya tatu ilikuwa vipande vya tortilla juu ya mkate. Kwa kuwa bado tulikuwa na hamu, tuliagiza pia nusu sahani ya biringanya, ambayo huko huitwa media ración.

Hesabu yetu ilikuwa hivi: vinywaji sita kwa euro 2.80 kila kimoja ni euro 16.80, ukiongeza nusu sahani ya biringanya kwa euro 6.50 unapata euro 23.30. Tuliacha 24. Bakshishi si lazima nchini humo, watu huacha sarafu kidogo tu wakiridhika, na kodi ya asilimia 10 inayotozwa kwenye chakula cha mgahawani tayari imo ndani ya bei unayoiona. Watu wawili walikula wakashiba kwa fedha pungufu sana ya zile nilizozitoa peke yangu karibu na kanisa kuu.

Nimeandika kwa kirefu kwa sababu nataka ieleweke kwamba hapa hapakuwa na bahati. Naomba maoni yenu.

Mchangiaji wa kwanza

Ahsante sana mkuu kwa uzi uliotulia. Swali langu ni la wazi. Mimi ni Mwislamu, sili nyama ya nguruwe wala sinywi pombe, na kila ninaposoma kuhusu Hispania nakuta picha za mapaja ya nguruwe yanayoning'inia darini. Katika utaratibu huo ambao jiko ndilo linaloamua, mtu kama mimi ana nafasi gani?

Mwanzisha uzi

Ndugu yangu, swali lako ni la msingi, na nitalijibu kwa uangalifu kwa kuwa nimelishuhudia kwa karibu. Yule rafiki niliyemtaja naye hali nguruwe.

Kwanza, kisahani huja na kinywaji, si na pombe. Ukiagiza soda, utapewa kama mwingine. Kinywaji kilichompendeza sana rafiki yangu ni mosto, yaani maji ya zabibu ambayo hayajachachuka, yakiletwa baridi kwenye glasi. Maji ya bomba nayo ni haki yako: tangu sheria ya taka ya mwaka 2022, migahawa na baa za Hispania zinawajibika kuwapa wateja maji ya bomba bila malipo pamoja na kile walichoagiza. Usitarajie tu kwamba maji hayo ya bure yatakuja na kisahani.

Pili, sema mapema, kabla mhudumu hajageuka kuelekea jikoni: "No como cerdo", yaani sili nguruwe. Katika kaunta yetu, baada ya siku ya pili rafiki yangu hakuhitaji kusema tena. Mhudumu alikuwa akiongeza mwenyewe "sin cerdo" anapopaza sauti. Shida ni kwamba nguruwe hujificha. Croquetas nyingi zina vipande vidogo vya jamón, yaani paja la nguruwe lililokaushwa kwa chumvi, ndani ya mchuzi mzito wa maziwa, salmorejo ambayo ni supu baridi ya nyanya na mkate hunyunyiziwa jamón juu yake, na hata mboga kama maharage mabichi mapana hupikwa nayo. Ukisema huli nyama, baadhi ya watu huko hawaihesabu jamón kuwa nyama, hivyo itaje kwa jina. Na nisikufiche: mafuta ya kukaangia mara nyingi ni yale yale kwa vyakula vyote. Kwa mtu anayelitilia maanani jambo hilo, chaguo salama zaidi ni vyakula visivyopita kwenye karai, kama zeituni, samaki wa kwenye siki, jibini na saladi ya nyanya.

Niongeze jambo moja ambalo lilinigusa. Ukiisoma orodha ya chakula ya Granada utakutana na ndugu wa maneno yetu: aceituna ni zeituni, azafrán ni zafarani, azúcar ni sukari. Yote yalitoka kwenye Kiarabu, lugha iliyozungumzwa Granada chini ya utawala wa Waislamu hadi 1492, na kwetu yalikuja kwa njia ya bahari. Biringanya tulizokula zilimwagiwa miel de caña, shira nzito nyeusi ya miwa. Miwa ililimwa kwenye pwani ya Granada kwa karne nyingi, na kiwanda cha mwisho cha sukari ya miwa cha pwani hiyo kilifungwa mwaka 2006, ingawa shira hiyo bado hutengenezwa Frigiliana, katika mkoa jirani wa Málaga. Chumvi kidogo, ukali wa mbali wa biringanya, kisha utamu unaofika mwisho: nilikula sahani hiyo mara nyingi kuliko nyingine yoyote.

Mchangiaji wa pili

Mkuu, nakuheshimu, lakini sikubaliani nawe kikamilifu. Nimeishi Sevilla miaka mitatu. Kule tapa hulipiwa, unaichagua mwenyewe, na kwa maoni yangu ni bora zaidi. Kisahani cha bure cha Granada hulilazimisha jiko kutegemea mkate, viazi na karai, kwa sababu gharama lazima ifichwe mahali fulani. Sevilla nilikuwa naagiza espinacas con garbanzos, spinachi na dengu zilizopikwa kwa bizari ya pilau na vitunguu saumu, kijisahani kidogo kinachopikwa taratibu, nami nalipia nilichokitaka. Katika baa kadhaa za zamani mhudumu huandika deni lako kwa chaki juu ya mbao za kaunta, mbele ya macho yako, kisha hulifuta kwa kitambaa ukishalipa. Huo ndio uwazi. Kitu kinachoitwa cha bure hakina uwazi huo.

Mwanzisha uzi

Hoja yako ni nzito, na sehemu yake kubwa naikubali. Kisahani cha Granada si cha bure. Kimo ndani ya bei ya kinywaji, na yeyote anayekiita zawadi anajidanganya. Nakubali pia kwamba ukizunguka baa nyingi za Granada utakula viazi vya kukaanga zaidi ya unavyohitaji. Almería, Jaén na León nako wana desturi ya kutoa kisahani pamoja na kinywaji, na huko Almería ni kawaida mteja kuchagua mwenyewe kwenye orodha, kwa hiyo lawama ya kutochagua haiugusi utaratibu wote.

Ninachotofautiana nawe ni kuhusu gharama kufichwa. Kwa nilivyoona, unafuu unatokana na jiko kuamua. Sufuria ile ya wali ilipikwa mara moja, ikapakuliwa yote, na saa nne usiku ilikuwa imekauka. Hakuna kilichotupwa, wala hapakuhitajika wapishi watatu wa kuhudumia orodha ya vyakula 40. Mgahawa wenye orodha ndefu hulazimika kuweka akiba ya kila kitu, na akiba hiyo analipia mteja, ama kwa bei ama kwa chakula kilichogandishwa. Tazama pia vyakula vyenyewe: tortilla ni mayai, viazi na mafuta ya zeituni, salmorejo ni nyanya na mkate wa jana, croqueta ni njia ya kutumia nyama iliyobaki kwenye chungu. Ni mapishi ya watu waliojua kutopoteza kitu, na mpishi anayeyaheshimu hukupa mlo mzuri kwa fedha kidogo bila kukudanganya.

Kuna jambo jingine ambalo mgeni halioni mara moja. Wateja wa mgahawa ule ni wale wale kila siku. Mzee aliyekaa kwenye kona ya kaunta alikuwa akija saa saba mchana na kurudi saa mbili usiku, na jioni moja tortilla ilipotoka kavu kupita kiasi aliirudisha kwa sauti ya upole, akaeleza kwamba imekaa motoni muda mrefu, na mhudumu akaichukua bila ubishi. Mgahawa wa karibu na kanisa kuu haumhitaji mteja arudi kesho. Huu wa mtaani ukimpoteza mzee yule umepoteza vinywaji vinne kwa siku, mwaka mzima.

Hata bei ya mafuta ya zeituni ilijadiliwa pale pale. Baada ya ukame wa 2022 na 2023 mavuno ya zeituni yalianguka na bei ya mafuta ikapanda sana, katika nchi ambayo ndiyo inayozalisha mafuta mengi ya zeituni kuliko nyingine yoyote duniani. Mwenye mgahawa alinieleza kwamba aliongeza senti 20 kwenye kila kinywaji, na kwamba aliwaeleza wateja sababu mmoja mmoja kabla ya kubandika bei mpya. Huo nao ni uwazi, ingawa hautumii chaki.

Mchangiaji wa pili

Hapo kwenye orodha ndefu umenishawishi. Hata Sevilla baa nilizozipenda zilikuwa na vyakula vichache. Kuhusu kulipia ninachokichagua nabaki na msimamo wangu.

Mchangiaji wa tatu

Naomba kuchangia kuhusu kaskazini, kwa sababu watu hufika San Sebastián wakidhani utaratibu ni ule ule. Kule huitwa pintxos, hupangwa juu ya kaunta, na kila kimoja hulipiwa. Kosa la wageni ni kujaza sahani nzima kwa vile vilivyokaa nje, ilhali vizuri zaidi ni vya moto, vinavyoandikwa ubaoni na kupikwa ukiagiza. Kula kimoja, viwili kwa wingi, lipa, hamia baa inayofuata. Logroño, katika barabara ya Laurel, ni vivyo hivyo: kila baa ina chakula kimoja inachojulikana nacho, na nilipita mojawapo inayosifika kwa uyoga wa kukaangwa wenye kamba mdogo juu yake. Bei ya mlo mzima hutegemea unavyotembea.

Mwanzisha uzi

Mchango huu ndio nilioutamani, mkuu. Umenionyesha kwamba hata pale ambapo kila kitu kinalipiwa, kanuni ni ile ile: kidogo, kwa zamu, na kwa kuuliza baa hii inapika nini vizuri. Swali hilo kwa Kihispania ni "¿Qué es lo mejor de la casa?", na sijawahi kuliuliza nikajutia jibu katika mgahawa wa mtaani.

Mchangiaji wa nne

Shukrani kwa uzi huu. Nina safari ya kwenda Granada na mke wangu pamoja na watoto wawili. Je, tutakaa mezani au lazima tusimame? Na saa ngapi ni sahihi kwenda?

Mwanzisha uzi

Kaeni mezani bila wasiwasi, watoto huonekana baani hadi usiku na hakuna anayeshangaa. Zingatia mambo machache tu. Bei ya kaunta, ya meza ya ndani na ya meza ya nje inaweza kutofautiana, na tofauti hiyo inapaswa kuwa imeandikwa, kwa hiyo soma ubao kabla ya kuketi. Mkate usiouomba unaweza kuurudisha. Kwa familia ya watu wanne nashauri duru mbili za vinywaji na sahani moja kubwa, ración, mtakayogawana. Watoto nao hupata kisahani kwa juisi yao katika baa nyingi, ila uliza kwanza.

Kuhusu saa, mchana nenda kati ya saa nane na saa tisa, na usiku kuanzia saa tatu. Mimi nilifika siku moja saa kumi na mbili jioni nikakuta jiko limezimwa, mpishi amekaa nje akimenya vitunguu saumu kwenye sufuria aliyoiweka katikati ya magoti. Alinionyesha saa yake kwa kisu, akatabasamu, akaniambia nirudi. Nilirudi saa tatu na nusu, na samaki wa duru ya kwanza walikuwa ndio kwanza wanatolewa kwenye mafuta.

Kama safari yenu ni ya mwezi wa nane, jueni kwamba baa nyingi za mitaani hufungwa wiki kadhaa kwa likizo na kubandika karatasi mlangoni yenye tarehe ya kurudi. Ile ninayoizungumzia ilikuwa imebandika yake tangu katikati ya mwezi wa saba, ili wazee wa kaunta wajipange mapema mahali pa kwenda.